Magoti Chini ya Sinki

Tarehe 3 Februari

Kwa Mwenye Nyumba,

Salamu. Sisi hatujambo, na nyumba yako nayo haijambo. Paa halivuji, na mlango wa uani umeacha kulia tangu mume wangu aupake mafuta.

Mkataba unasema ombi lolote la kubadilisha kitu humu ndani liandikwe kwa barua. Kwa hiyo naandika.

Wifi yangu amehama mji, na kwa kuwa huko alikokwenda hana nafasi, ametuachia mashine yake ya kuosha vyombo. Ni nzima kabisa. Tangu ifike iko sebuleni, tumeitandikia kitambaa, na wageni wanaweka vikombe juu yake bila kujua kwamba wameviweka juu ya kitu ambacho kingeviosha. Jikoni mahali pa kuiweka ni pamoja tu, pale pembeni kwenye lile sinki la pili, lile la chini. Hapo kuna bomba la maji safi, kuna bomba la maji machafu, na upana unatosha. Sinki la dirishani litabaki, na ndilo tunalotumia siku zote. La chini tunawekea ndoo.

Tunaomba ruhusa yako tuling'oe. Fundi bomba tuliyempata ni mtu makini, na siku tukihama hatutakuachia shimo.

Wako,
Mpangaji


Tarehe 14 Februari

Mpangaji,

Barua yako imenifikia huku porini pamoja na unga na betri. Kama unavyojua mimi ni mpima ardhi. Tunapimia barabara ambayo bado haipo, tunalala kwenye mahema, na simu inashika ukipanda juu ya kifusi ukasimama kwa mguu mmoja. Ndiyo maana nilitaka barua.

Jibu ni hapana. Sinki lile lisiguswe. Mama yangu aliosha vyombo pale mpaka mwaka wake wa mwisho, kwa mikono yake miwili, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Mashine mpeni mtu mwenye haraka zaidi yenu.

Naona fundi umeshampata hata kabla ya jibu langu. Mwambie atulie.

Mwenye nyumba


Tarehe 26 Februari

Ndugu Mwenye Nyumba,

Nimekuelewa, na mashine bado iko sebuleni. Lakini kuna jambo ambalo kwenye barua ya kwanza niliona aibu kuliandika, nalo ni mikono yangu. Mimi ni fundi wa meno bandia. Kutwa nashika plasta, nta na dawa zenye harufu kali, na ngozi ya vidole imeanza kupasuka. Daktari ameniambia niache sabuni ya vyombo au niache kazi. Glavu nimejaribu, zinanizidishia. Mume wangu, ambaye wenzake wanamwita Mlingoti kwa ule urefu wake, huosha akiwepo. Ila ni dereva wa masafa marefu, na vyombo havina subira ya kumngoja. Basi usituone wavivu.

Halafu kuna lingine, na hili ni udadisi tu, unisamehe. Fundi bomba alikuja. Kutazama tu! Alipoinama chini ya lile sinki akaniita, "Dada, njoo uone."

Chini yake hakuna kabati wala ukuta wa mbele. Bomba la maji machafu halikushuka katikati kama kawaida, limepindishwa likapita pembeni kabisa, limeng'ang'ania ukuta. Na ndani kote kumebandikwa vigae vizuri mpaka nyuma, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona. Fundi akasema, "Aliyejenga hapa alitaka nafasi. Nafasi ya nini, Mungu ndiye ajuaye." Ukutani, upande wa kulia, kuna vichwa viwili vya chuma vilivyokatwa kwa msumeno. Palikuwa na kishikio.

Kazini siletewi mtu. Naletewa umbo la kinywa chake kwenye plasta, na kwa umbo lile najua kwamba huyu husaga meno usingizini, na huyu hutafunia upande mmoja. Nikilitazama sinki lako naona hivyo hivyo, kwamba kuna mtu alipita hapa akaacha umbo lake. Mama yako alikuwa mfupi sana? Na kama sinki la dirishani lilikuwepo, kwa nini hakuoshea huko?

Mpangaji wako

Kigae kimoja kimedondoka chenyewe.


Tarehe 10 Machi

Mpangaji,

Kigae hakidondoki chenyewe. Mwambie fundi bomba hivyo, na umwambie kwa sauti.

Kuhusu mikono, pole sana. Ungesema tangu mwanzo. Kwenye karatasi mimi ni mkali kuliko nilivyo.

Mama hakuwa mfupi. Alinizidi hata mimi kwa kidole. Namkumbuka nilipokuwa mtoto, amesimama pale pembeni ameinama, mkono mmoja kwenye sufuria, mwingine kiunoni. Uzeeni akawa anaweka kigoda. Na sinki la dirishani lilikuwepo siku zote, lina urefu wa kawaida na mwanga mzuri. Nimekaa na swali lako tangu gari la vifaa liondoke. Nimepima milima na mabonde mpaka nikaota sugu, lakini nyumba niliyokulia sijawahi kuipima hata kwa shibiri.

Hivyo vyuma sivikumbuki. Nina kovu juu ya jicho la kushoto, na nikiuliza naambiwa, "Uligonga sinki." Sasa lile sinki kingo zake zote ni za mviringo. Niligonga nini?

Mashine iache palepale. Ila nisaidie jambo moja, itazame sakafu. Sisi wapimaji tukitaka kujua nani amepita mahali, tunaanza na ardhi.

Mwenye nyumba


Tarehe 21 Machi

Ndugu Mpima,

Nimetazama. Niliosha sakafu ya pale pembeni, nikaikausha, nikalala kifudifudi na tochi. Mlingoti alikuwa amerudi safari, akasimama mlangoni akicheka: "Mke wangu, unamtafuta panya au unamtafuta mwenye nyumba?" Nikamwambia alale na yeye. Akilala yule jiko linajaa, kwa hiyo ilinibidi nitoke.

Yeye ndiye aliyeona kwanza. Kwenye saruji kuna mikwaruzo miwili inayokwenda sambamba kama reli. Inatoka mlangoni, inapinda, inaishia chini ya sinki. Upana wake ni uleule mwanzo mpaka mwisho. Mlingoti anajua matairi kama anavyojua jina lake. Akasema, "Hizi njia za gurudumu jembamba, na lilipita hapa maelfu ya mara."

Nikachukua kiti cha kawaida nikakaa mbele ya sinki. Magoti yakaingia yote, hayakugusa kitu. Mikono ikafika mpaka chini bila mgongo kupinda. Hata mimi nilishangaa. Ukisimama unaona limejengwa vibaya, ukikaa unaona fundi wake alikuwa hodari.

Nisamehe kama naingia nisipohusika. Nyumbani kwenu nani alikuwa kwenye kiti cha magurudumu?

Mpangaji wako


Tarehe 2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini miguu imepungua kuvimba na binamu zangu hawakusumbui. Mimi ni mzima, barabara inasonga.

Nina swali kuhusu nyumba ya mama. Mpangaji wangu anataka kuling'oa lile sinki la chini aweke mashine ya kuosha vyombo. Tumelitazama vizuri, tunaona kama lilijengwa kwa ajili ya mtu wa kukaa. Katika wakubwa wetu umebaki wewe tu. Alikuwa nani?

Mpwa wako


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Miguu ni ileile. Namshukuru Mungu kwa huo mmoja unaonisikiliza.

Kuhusu hilo sinki, mwanangu, sinki ni sinki. Mafundi wa zamani walijenga walivyojisikia, mwingine alikuja asubuhi ameshalewa. Marehemu dada yangu alilipenda, akalitumia, ameondoka. Ukitaka ling'oe, hutaki liache. Mambo ya jikoni si ya kuandikiana barua watu wazima. Na kama ni kile kishikio kinachokusumbua, baba yako alikikata kwa ajili yako wewe mwenyewe, baada ya kukupasua uso. Basi yaishe.

Umeoa lini? Naona umri unakwenda.

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Mjomba, shikamoo tena.

Mimi sikutaja kishikio chochote.

Mpwa wako


Tarehe 1 Mei

Mpwa wangu,

Umeninasa. Mzee akianza kuandika anajisahau.

Mama yako alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wetu. Ni mama yako mdogo. Alipata homa utotoni, miguu ikakataa tangu hapo. Wazazi wetu walipofariki, mama yako alikuwa ameolewa, akamchukua akae naye katika nyumba hiyo. Wewe ulikuwa unatambaa. Mama yako alimpenda mno, mpaka akamsumbua baba yako amjengee sinki lake, la urefu wake, asijione mzigo. Fundi alikuja kumpima amekaa kwenye kiti chake, kama mshonaji anavyompima bibi harusi. Watu walikuja kuliona. Mtaa mzima ulisema, yule dada ana moyo.

Halafu siku moja, bila ugomvi wowote ninaoujua mimi, akaja rafiki wa huyo mdogo wetu na gari la mizigo, naye akapandishwa na kiti chake akaondoka. Mama yako alisimama mlangoni. Baadaye akatukataza kumtaja. Mimi nikatii. Kumbe kutii nako kunazoeleka.

Yuko hai. Ana duka la miwani, anasaga lenzi mwenyewe. Anwani yake naiweka hapa chini. Huniandikia kila mwaka na kuniuliza habari zenu wote, nami hujibu. Alijua dada yake amefariki, nilimwambia mimi, ila baada ya mazishi. Hilo hajanisamehe.

Usimlaumu mama yako. Alifanya alichoweza, na hakushukuriwa.

Mjomba wako


Tarehe 9 Mei

Mpangaji,

Ulikuwa sahihi. Alikuwa mama yangu mdogo, dada wa mama yangu, na yuko hai. Mama alimjengea sinki kwa mapenzi, naye akaondoka. Mengine sijui.

Sasa utanisamehe. Kwa kuwa nimejua, ndiyo kabisa haling'oki. Nafikiri hata kuweka kibao kidogo ukutani, kumkumbuka mama. Mashine nitaitafutia mahali pengine nikija, hata kama ni kuvunja stoo.

Mpima


Tarehe 9 Mei

Mama mdogo, shikamoo.

Hunijui, au unanijua nikiwa natambaa. Mimi ni mtoto wa dada yako. Mjomba amenipa anwani nilipombana.

Naandika kukuambia kwamba sinki lako lipo. Halijaguswa, na maadamu nyumba ni yangu halitaguswa. Mpangaji alitaka kuliondoa aweke mashine ya kuosha vyombo, nimemkatalia. Mama aliosha hapo maisha yake yote. Natamani uje ulione.

Mwanao


Tarehe 24 Mei

Mwanangu, marahaba.

Ling'oe.

Nimeandika hilo kwanza usije ukasoma kurasa zote ukiwa na wasiwasi. Ling'oe, mpe huyo mpangaji nafasi yake, na kibao usiweke. Mjomba wako ameniambia habari za kibao ulizomwandikia, na mimi nilicheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Sasa nikueleze, maana hukuambiwa. Nilipohamia kwenu nilikuwa msichana. Nyumba ile, kama unavyojua wewe unayepanda na kushuka bila kufikiri, imeinuliwa juu, na kutoka nje ni ngazi. Kila nilipotaka kutoka ilibidi baba yako anibebe. Alikuwa mwema, lakini alirudi kazini amechoka, nami nikaona haya kumwomba. Mwanzo nilitoka kila Jumapili. Halafu mara mojamoja. Halafu nikawa naangalia mtaa kupitia dirisha la jikoni. Nikamwambia dada, "Naomba mteremko kidogo pale mlangoni, wa mbao tu." Akanijibu, "Utaenda wapi?" Hakusema kwa ubaya. Hakuona pa kwenda, kweli.

Badala yake akanijengea sinki. Akaniita kwa furaha, "Njoo uone!" Kila kitu kilinikaa sawasawa, magoti, mikono, kishikio cha kujivutia. Nililia, akadhani nalia kwa furaha. Tangu siku hiyo vyombo vyote vya nyumba ile vikawa vyangu, na wageni wakawa wanaletwa jikoni kunitazama nikiosha. "Tumemjengea," anasema dada. Nao wananitazama kama saa mpya ukutani. Fundi alinipima urefu wa goti mpaka bega. Hakuna aliyekwenda kuupima mlango.

Siku niliyoondoka tuligombana, mjomba wako hakuwepo. Dada aliniambia, "Baada ya yote niliyokufanyia?" Nikamjibu neno baya ambalo silirudii hapa. Wote wawili tulikuwa wabishi, na kila mmoja akasubiri mwenzake aandike kwanza.

Kile kishikio ndicho kilichokupasua. Ulikuwa unapenda kupita chini ya magoti yangu ukitoka upande wa pili, kama paka. Siku hiyo uliinuka kabla ya wakati. Mimi ndiye niliyekuzuia damu kwa aproni.

Sasa kuna mstari mmoja kwenye barua yako sijauelewa. Umeandika kwamba mama yako aliosha hapo maisha yake yote. Umekosea, siyo? Sinki la dirishani lilikuwa lake. Lile la kwangu hata hakuliweza, alikuwa mrefu. Nilidhani alilivunja siku ileile nilipoondoka. Nijibu hili.

Halafu hiyo mashine inafanyaje kazi? Mlango ukishafungwa, maji yanajuaje sahani iko wapi?

Mama yako mdogo


Tarehe 3 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Sikukosea. Aliosha hapo. Nilipokuwa shule alikuwa akiinama, nilipoanza kazi alikuwa na kigoda. Dada wa jirani alimwambia mbele yangu, "Mwenzetu mgongo utakatika, si uoshee dirishani?" Akamjibu, "Hapa nimepazoea." Sikuona neno la kuuliza. Sinki la dirishani aliwekea maua ya kopo.

Mlango nimeuona kwa macho mengine. Nakuwekea mchoro wa mteremko wa zege, niambie kama unafaa. Mpangaji nimemwandikia leo hii kwamba aling'oe, lakini asubiri kama utataka kuwepo.

Mashine sijui inajuaje. Nimeuliza kambi nzima. Mpishi anasema kuna jicho ndani.

Mwanao


Tarehe 18 Juni

Ndugu Mpima,

Nilijua mvua imewafungia njia, kwa hiyo hatukukungoja. Mama yako mdogo mwenyewe alisema hangoji tena mtu katika nyumba hii. Nakuandikia yote nisiache kitu.

Alikuja asubuhi kwa gari lake, analiendesha mwenyewe kwa mikono. Mlingoti akatoka mbio, akasimama mbele yake mikono tayari. "Mama, shikamoo. Nikubebe?"

Akamtazama kuanzia viatu mpaka juu. "Marahaba. Nikidondoka kutoka huko juu yako si nitafika chini kesho? Sijabebwa tangu nitoke hapa, na sianzi leo."

Basi Mlingoti na fundi bomba wakatoa mbao za kwenye lori, wakazipanga juu ya ngazi, wakazifunga kwa kamba. Zilitikisika. Alipanda taratibu kwa mikono yake mwenyewe, sisi tukiwa nyuma tumeshikilia mbao. Alipofika juu akageuza kiti, akaangalia mtaa kwa muda. Akasema, "Kumbe ni karibu hivi."

Jikoni hakuuliza njia. Magurudumu yalifuata ile mikwaruzo kama maji yanavyofuata mfereji. Magoti yakaingia chini ya sinki. Akafungua bomba, likakohoa tu, fundi alikuwa amefunga maji. Akaomba yafunguliwe. Akanawa mikono, polepole sana, akafunga.

Halafu akaniuliza, "Kigoda chake alikiweka wapi?"

Sikujua. Akasogeza kiti kushoto kidogo, akasogeza kulia. "Hapa? Au hapa? Mtu mrefu vile, magoti aliyaweka wapi?" Fundi bomba, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alikuwa anaifuta spana ambayo haikuwa chafu.

Akasema, "Haya fundi. Fanya kazi yako."

Wakati wanagonga alikaa na mimi sebuleni mbele ya mashine. Aliifungua mlango, akazungusha ile mikono ya ndani yenye vitundu, akapuliza kitundu kimoja kimoja. "Ala! Kwa hiyo haijui sahani iko wapi. Inarusha maji kila upande mpaka inaipata." Alifurahi kama mtoto. Mwambie mpishi wa kambi hakuna jicho.

Sinki lilipoachia ukuta vumbi liliingia mpaka sebuleni. Nikamwona anafuta macho. "Vumbi," akasema. "Vumbi," nikasema na mimi, nikafuta yangu.

Mlingoti na fundi walihangaika na mabomba mpaka mchana, wakabishana, wakamwagikiwa, wakapatana. Tukaweka vyombo vyote tulivyokuwa navyo, hata vile visafi. Tulipoiwasha, aliweka kiti chake karibu, sikio kwenye mlango wa mashine, na kila sauti ilipobadilika aliuliza, "Sasa inafanya nini?" Mlingoti anajibu, "Inakunywa." "Na sasa?" "Inatema." Hakutoka pale mpaka ilipozima. Tulipofungua, mvuke ukamfunika miwani, akacheka kwa sauti, huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Mikono yangu, kama unataka kujua, leo haiumi.

Mpangaji wako


Tarehe 27 Juni

Mwanangu,

Mpangaji wako ni mtu mzuri. Usimpoteze kwa barua zako za ukali. Mchoro wa mteremko nimeuona. Kwa mtu anayepimia magari ni mzuri, kwa mtu mwenye mikono miwili ni mkali mno. Ulaze zaidi.

Nimekuwa dukani siku hizi lakini kazi haiendi. Nikishika lenzi naona dada ameinama. Nilikuwa na picha moja ya mama yako kichwani, amesimama mlangoni amekunja uso, na nilikaa nayo tangu ujana wangu. Ilinifaa. Ukimkasirikia mtu, picha moja inatosha. Sasa wewe umeniletea nyingine, mwanamke mrefu kwenye sinki la mtu aliyekaa, na maua kwenye sinki lake mwenyewe. Hizi mbili siwezi kuzivaa kwa pamoja, zinanitia kizunguzungu.

Alikuwa ananisubiri? Alikuwa anajiadhibu? Au alitaka tu kujua nilikuwa nikiona nini nikiwa pale? Labda ni kweli alipazoea, na mimi najipa umuhimu. Mjomba wako hajui, nimemuuliza, akaanza habari za miguu yake.

Wewe ndiye uliyekaa naye. Mvua ikikatika, na mkuu wako akikuruhusu, njoo. Chumba kipo. Nataka kujua alizeekaje. Mvi zilianza mbele au nyuma? Alikuwa akikasirika anatoka nje, au alijifunza kukaa na mtu mpaka hasira iishe? Alikuwa na rafiki? Chumvi aliacha kuzidisha? Alipocheka, nani alikuwa anamchekesha?

Anza na lolote, siku yoyote, hata ile ambayo hakukutokea kitu. Ila usianze na ugonjwa.

Mama yako mdogo